Cato: Mlinzi wa jamhuri aliyekataa msamaha wa mshindi

Kila siasa za Marekani zinapoingia katika msukosuko, wachambuzi wa mrengo wa kihafidhina nchini humo hurejea kwenye kisa kimoja cha kale, nacho ni kuanguka kwa Jamhuri ya Kirumi. Katika kisa hicho, jina linalotajwa kwa heshima kubwa ni la Marcus Porcius Cato, seneta aliyefariki dunia katika ardhi ya Afrika mwaka 46 kabla ya kuzaliwa Kristo (KK).

Kwa msomaji wa Kiswahili, Cato si mgeni kabisa. Waliosoma tamthilia ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar, iliyotafsiriwa na Mwalimu Julius Nyerere na kuchapishwa mwaka 1963, watamkumbuka Portia, mke wa Brutus, anayejivunia kuwa binti wa Cato. Tamthilia inapoanza baba huyo amekwishafariki, lakini kumbukumbu yake iko pamoja na wale wanaopanga kumuua Caesar.

Wahafidhina wengi humwona Cato kama kielelezo cha kiongozi asiyenunulika. Hata hivyo, maisha yake yakisomwa tangu mwanzo hadi mwisho yanatoa funzo gumu zaidi. Mtu aliyeipenda jamhuri kuliko wengi wa zama zake alichangia, bila kukusudia, kuwaunganisha wale walioizika.

Yatima katika nyumba ya siasa

Cato alizaliwa mwaka 95 KK katika ukoo uliojulikana kwa ukali wa maadili. Babu wa baba yake, Cato Mzee, ndiye aliyeshinikiza hadi uzeeni mwake mji wa Carthage uteketezwe, jambo lililotimia mwaka 146 KK.

Wazazi wake walifariki angali mdogo, akalelewa na mjomba wake, Marcus Livius Drusus. Mwaka 91 KK, Drusus, aliyekuwa akipigania washirika wa Roma nchini Italia wapewe uraia, aliuawa nyumbani kwake. Muda mfupi baadaye washirika hao walishika silaha.

Cato alipokuwa na umri wa miaka 14 hivi, Roma ilikuwa mikononi mwa Lucius Cornelius Sulla, jenerali aliyeuteka mji wake mwenyewe kwa jeshi na kujifanya dikteta. Sulla alibandika hadharani orodha za watu waliotakiwa kuuawa bila kesi, na kila aliyemuua mmoja wao alilipwa fedha.

Plutarch, mwandishi wa Kigiriki aliyeishi zaidi ya karne moja baadaye, anasimulia kwamba mwalimu wa Cato alikuwa akimpeleka kijana huyo kumwamkia Sulla. Huko aliona vichwa vya watu mashuhuri vikitolewa nje. Alimuuliza mwalimu kwa nini hakuna anayemuua mtu huyo. Alipojibiwa kwamba watu wanamwogopa kuliko wanavyomchukia, aliomba apewe upanga. Tangu siku hiyo mwalimu alihakikisha kwamba kijana hajaficha silaha.

Sulla alijiuzulu na kufa kitandani mwake. Lakini alikwisha kuwaonyesha wengine kwamba jenerali mwenye askari watiifu anaweza kuiteka Roma na asifanywe lolote.

Mhazini asiyetishika

Alipokuwa mtu mzima, Cato alifuata falsafa ya Wastoiki, iliyofundisha kwamba wema ndio mali pekee ya kweli. Alisafiri kwa miguu huku rafiki zake wakipanda farasi. Mara nyingi alitembea peku, na alivaa nguo zilizokwenda kinyume na mitindo ya wakubwa, ili ajizoeze kuona haya kwa jambo la aibu tu.

Alijitolea katika vita dhidi ya watumwa walioasi chini ya Spartacus, na akakataa nishani alizoona hakuzistahili.

Jina lake lilivuma alipochaguliwa kuwa mmoja wa wahazini wa taifa, katikati ya miaka ya 60 KK. Kabla ya kugombea alizisoma sheria zote za hazina. Makarani wa zamani, waliozoea kuwaongoza vijana wa kikabaila wasiojua kazi, walikuta safari hii wamepata mkubwa anayeijua kazi kuwashinda. Waliobainika kuwa wadanganyifu alipambana nao waziwazi.

Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyethubutu kulifanya. Aliwaita wauaji wa zama za Sulla, waliolipwa drakma 12,000 kwa kila kichwa, na kuwadai warejeshe fedha za umma. Wengi wao baadaye walishtakiwa kwa mauaji. Kwa wananchi wa Roma ilikuwa kana kwamba udikteta umehukumiwa mahakamani.

Uamuzi wa Desemba 63 KK

Mtihani mkubwa wa kwanza ulikuja mwaka 63 KK, wakati njama ya Catiline ya kuipindua serikali ilipogunduliwa. Watu watano walishikiliwa, na Baraza la Seneti likaulizwa wafanywe nini.

Julius Caesar, aliyekuwa bado anapanda ngazi ya uongozi, alishauri wafungwe na mali zao zitaifishwe, akionya dhidi ya kumuua raia bila kesi. Cato alisimama na kudai wauawe mara moja, kwa hoja kwamba serikali inayosubiri hadi njama itimie haitakuwa na mahakama ya kuihukumu. Baraza lilimfuata Cato, na jioni hiyo hiyo watu hao walinyongwa.

Hapo ndipo utata wa maisha yake unapojitokeza. Sheria ya Roma ilimpa raia haki ya kukata rufaa mbele ya umma kabla ya kuuawa. Mtetezi mkubwa wa sheria aliiweka kando sheria hiyo kwa sababu ya dharura. Miaka mitano baadaye Cicero, kiongozi aliyesimamia mauaji hayo, alilazimika kwenda uhamishoni kwa kosa hilo.

Mjadala wa aina hiyo uliigawa kambi ya wahafidhina wa Marekani baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, Bunge lilipopitisha Sheria ya Patriot iliyopanua uwezo wa serikali wa kuwachunguza watu. Baadhi yao waliiona kuwa ngao ya taifa. Wengine walihofu kwamba uwezo unaotolewa wakati wa dharura haurudishwi dharura inapokwisha.

Hotuba hadi machweo

Kanuni za Seneti ya Roma zilikataza kikao kuendelea baada ya jua kuzama, na seneta aliyepewa nafasi ya kusema hakukatizwa. Cato aligundua kwamba kanuni hizo mbili zikiunganishwa ni silaha. Akipinga hoja, aliongea mpaka jua likatua.

Mwaka 60 KK, Caesar alirejea kutoka Uhispania akitaka mambo mawili: gwaride la ushindi, na kugombea ukonsuli, cheo cha juu kabisa kilichoshikwa na watu wawili kwa mwaka mmoja. Sheria ilimtaka mgombea ajiandikishe mwenyewe mjini, lakini jenerali anayesubiri gwaride hakuruhusiwa kuvuka mpaka wa mji. Caesar aliomba asamehewe sharti hilo. Cato alizungumza siku nzima, na ombi likafa bila kupigiwa kura.

Katika kipindi hicho hicho jenerali Pompey alikuwa akiomba ardhi kwa ajili ya askari wake waliotoka vitani mashariki. Tajiri Crassus naye alitaka wakandarasi wa kodi wa Asia, waliotoa bei kubwa mno katika zabuni, wapunguziwe deni. Cato aliwapinga wote wawili. Pompey alipotaka kuoa katika ukoo wake ili wawe ndugu, Cato alikataa pia, akiona posa hiyo kuwa hongo.

Kila kukataa kulikuwa na hoja yake ya kisheria au ya kimaadili. Lakini matokeo ya jumla yalikuwa mabaya. Watu watatu wenye nguvu kuliko wote, waliokuwa wakitiliana shaka, walijikuta wana adui mmoja. Caesar aliliacha gwaride, akashinda ukonsuli, akamwoza Pompey binti yake, na wote watatu wakafunga mapatano ya siri. Plutarch mwenyewe, aliyemstahi Cato, aliona kwamba kuikataa ile posa kulifungua mlango wa maafa.

Mwaka uliofuata mambo yaliharibika zaidi. Konsuli Caesar alipochoshwa na hotuba za Cato aliamuru apelekwe gerezani, lakini maseneta wengi walipomfuata ikabidi amwachie. Bibulus, konsuli wa pili na mkwe wa Cato, alijifungia nyumbani na kutangaza kila siku kwamba ishara za mbinguni hazikuruhusu shughuli za serikali. Mwandishi Suetonius anadai kwamba katika kumpatia Bibulus cheo hicho, hata Cato alikubali kura zinunuliwe, kwa maslahi ya taifa.

Mwangwi mjini Washington

Waasisi wa Marekani waliliita baraza lao Seneti kwa kuiga Roma, na desturi ya hotuba ndefu za kuzuia miswada ikamea humo pia. Mwaka 1957, Seneta Strom Thurmond alizungumza kwa saa 24 na dakika 18 kupinga sheria ya haki za kiraia. Sheria ilipita, lakini kisa hicho kilionyesha kwamba silaha ya Cato inaweza kutumika kulinda dhuluma kama inavyoweza kulinda uhuru.

Mwaka 1993, Seneta Robert Byrd alitoa hotuba 14 kuhusu historia ya Seneti ya Roma. Byrd alikuwa wa chama cha Democratic, lakini katika suala la kanuni za baraza hilo alikuwa mhafidhina wa kweli. Hoja yake ilikuwa kwamba Roma ilianza kuanguka maseneta walipokabidhi mamlaka yao kwa mtu mmoja, na kwamba Bunge la Marekani lingefanya kosa hilo hilo kama lingemwachia rais uwezo wa kufuta vipengele vya bajeti.

Bunge lilimpa rais uwezo huo mwaka 1996, na Mahakama Kuu ikaubatilisha mwaka 1998.

Tangu hapo desturi zimeendelea kupungua. Mwaka 2013 chama cha Democratic kilipunguza uwezo wa wachache kuzuia uteuzi wa maafisa na majaji wengi. Mwaka 2017 chama cha Republican kilifanya vivyo hivyo kwa majaji wa Mahakama Kuu. Kila upande ulieleza kwamba ni mwenzake aliyeanza. Ndivyo ilivyokuwa Roma.

Suluhu iliyokataliwa

Mwaka 58 KK wapinzani wa Cato walipata njia ya kumwondoa mjini kwa heshima. Walimpeleka Cyprus kukiweka kisiwa hicho chini ya Roma na kuuza mali ya mfalme wake. Alirudi na karibu talanta 7,000 za fedha, na watu walishangaa kwamba hakujichotea.

Lakini uadilifu haukumpa ukonsuli. Alipougombea ule wa mwaka 51 KK, hakutaka kuwabembeleza wapiga kura, na akashindwa.

Kufikia wakati huo Crassus alikuwa amefariki vitani, na Caesar na Pompey walikuwa wakitazamana kwa uhasama. Desemba mwaka 50 KK, Seneti ilipigia kura pendekezo kwamba wote wawili waache majeshi yao kwa pamoja. Kwa mujibu wa mwanahistoria Appian, waliounga mkono walikuwa 370 na waliopinga 22. Idadi kubwa kabisa ya maseneta ilitaka amani.

Hata hivyo, kura hiyo haikutekelezwa. Wasiotaka suluhu ndio walioshinda, na katika majadiliano yaliyofuata Cato alikuwa miongoni mwa waliosisitiza kwamba raia hawezi kuiwekea jamhuri masharti. Januari 49 KK, Caesar alivuka mto Rubicon na jeshi lake.

Tangu siku hiyo Cato hakunyoa nywele wala ndevu, kama mtu aliyefiwa. Alipendekeza kwamba asiuawe Mrumi yeyote nje ya uwanja wa mapambano, wala usiporwe mji wowote ulio chini ya Roma. Upande wake uliposhinda pambano moja huko Dyrrhachium na wenzake wakashangilia, yeye aliwalilia wananchi waliouawa.

Kupita jangwani

Pompey alishindwa Pharsalus mwaka 48 KK na kuuawa alipokimbilia Misri. Cato alikuwa Cyrene, katika Libya ya leo, akiwa na watu wapatao 10,000. Aliamua kuwaongoza kuelekea magharibi, wakiipita pwani ya jangwa la Sirte.

Walibeba maji juu ya punda, na walifuatana na waganga wa kabila la Psylli waliosifika kwa kutibu sumu ya nyoka. Cato alitembea kwa miguu mbele ya msafara, akikataa kupanda mnyama.

Walifika katika jimbo ambalo Warumi waliliita Africa, karibu na Tunisia ya leo, jimbo ambalo jina lake hatimaye lilitapakaa bara zima. Huko Juba, mfalme wa Numidia, na Metellus Scipio walikuwa wakikusanya jeshi. Wengi walimtaka Cato awe kamanda. Alikataa, kwa kuwa Scipio alikwisha kuwa konsuli na yeye hajawahi. Alisema haiwezekani kuzivunja sheria ambazo kwa ajili yake wanapigana na mvunja sheria.

Kisha Scipio, akimfurahisha Juba, alitaka wakazi wa mji wa Utica wauawe kwa tuhuma kwamba wanampenda Caesar. Cato alipinga kwa nguvu zote, akachukua dhamana ya kuulinda mji huo mwenyewe. Maelfu ya watu waliokoka kwa sababu hiyo.

Usiku wa Utica

Aprili 46 KK, jeshi la Scipio lilivunjwa Thapsus. Habari zilipofika Utica, Cato hakumlazimisha mtu kuendelea kupigana. Aliwatafutia maseneta merikebu, akasimamia kuondoka kwao, akawahimiza wenyeji wapatane na mshindi.

Caesar alijulikana kwa kuwasamehe mahasimu wake, na ndugu yake mmoja alijitolea kumwombea Cato. Cato alikataa. Kwa hoja yake, anayeomba msamaha anakiri kosa, na anayeupokea anakubali kwamba mshindi ana haki ya kumwua au kumwacha hai. Katika jamhuri haki hiyo si ya mtu mmoja, na mtu hawezi kushukuru kwa kupewa kilichokuwa chake.

Usiku huo alikula pamoja na rafiki zake, akasoma kitabu cha Plato kuhusu kutokufa kwa roho, na kabla ya mapambazuko akajiua kwa upanga wake. Alikuwa na umri wa miaka 48. Wakazi wa Utica, ingawa Caesar alikuwa akikaribia, walimzika kando ya bahari kwa heshima kubwa. Inasimuliwa kwamba Caesar alisikitika kunyimwa nafasi ya kumsamehe.

Urithi unaogombewa

Miaka miwili baadaye Caesar alifanywa dikteta wa maisha, na Machi 15, 44 KK akauawa na kundi lililoongozwa na Cassius na Brutus, mpwa na mkwe wa Cato. Lakini mauaji hayo hayakuirudisha jamhuri. Mwaka 27 KK Augustus alikuwa mtawala pekee. Seneti iliendelea kukutana na makonsuli kuteuliwa, ila uamuzi ulifanyika kwingine.

Huko Marekani, tamthilia ya Joseph Addison ya mwaka 1713 kuhusu Cato ilipendwa sana na wapigania uhuru, na iliigizwa mbele ya maafisa wa George Washington huko Valley Forge mwaka 1778. Katiba ilipojadiliwa mwaka 1787, mwandishi wa gazeti la New York aliyejificha nyuma ya jina la Cato alionya kuhusu madaraka ya rais.

Onyo hilo halijanyamaza. Mwaka 1999, Patrick Buchanan, mhafidhina aliyewahi kugombea urais, alichapisha kitabu akidai kwamba Marekani inaiacha jamhuri na kufuata himaya. Wenye mtazamo wake hukumbusha kwamba Bunge la nchi hiyo lilitangaza vita rasmi kwa mara ya mwisho mwaka 1942, ilhali askari wake wamepigana Korea, Vietnam na Iraq. Baada ya jengo la Bunge, linaloitwa Capitol kutokana na kilima cha Roma, kuvamiwa Januari 6, 2021, jina la Caesar lilisikika katika kambi zote mbili, kila moja ikimwona katika kiongozi wa mwenzake.

Ulinganisho huo una mipaka. Roma haikuwa na katiba iliyoandikwa, majeshi yake yaliwategemea majenerali kwa ardhi na mafao, na uchumi wake ulisimama juu ya mabega ya watumwa. Askari wa Marekani hulipwa na serikali na huapa kuitii katiba.

Lakini jambo moja katika maisha ya Cato linawahusu wote wanaoitetea sheria, wawe Washington au kwingineko. Alikuwa sahihi kwamba msamaha wa mtu mmoja si badala ya haki. Alikosea alipoamini kwamba kuzuia ni sawa na kuongoza. Askari walihitaji ardhi, na ombi lao lilipozimwa Seneti, jibu walilipata kwa Caesar.

Magofu ya Utica yapo kaskazini mwa Tunisia. Kwa karne nyingi mto Medjerda umejaza matope mwambao wake, na bahari sasa iko kilomita kadhaa mbali. Watu wa mji huo walimjengea Cato sanamu karibu na kaburi lake. Wengi wao hawakuwa wa upande wake vitani, na baadhi walimtakia Caesar ushindi. Walimheshimu kwa sababu, walipokaribia kuchinjwa na washirika wake mwenyewe, yeye ndiye aliyesimama mlangoni.